Baiskeli ya Umeme Mlangoni pa Kinyozi

Asubuhi hiyo benchi la pale kona lilipata mgeni mwenye magurudumu matatu: mawili mbele, moja nyuma, na juu ya yale ya mbele sanduku la mbao, pana kama kitanda cha mtoto, limefunikwa turubai. Chini ya tandiko, betri nyeusi ya ukubwa wa tofali. Fundi baiskeli aliiacha mlangoni pa Mkasi, kinyozi, akasema: "Kaa nayo hadi saa sita. Usipoitaka, mwenye duka la soda anaitolea macho." Sasa ilikuwa saa nne na nusu. Mkasi alikuwa na watoto wawili wa kupeleka shule kila siku, mke wa kufikisha sokoni na mabunda yake ya vitambaa, na mama ambaye magoti yalimsusia miezi minne iliyopita; tangu hapo barabara anaisikia tu. Kichwa hata kimoja alikuwa hajanyoa. Alikuwa kwenye kikombe cha pili cha kahawa, na washauri wawili wameshambana kushoto na kulia.

Spika, seremala asiyehitaji kipaza sauti, ndiye aliyefungua kikao.

— Usinunue. Siku mvua ikikukuta njiani, familia nzima mtawaka kama balbu.

— Fundi kasema haiingii maji, Mkasi alijibu.

— Fundi! Hata mimi kabati zangu huwa nasema hazipindi.

Bondia, mlinzi wa ghala ambaye hajawahi kumpiga hata nzi, alitikisa kichwa.

— Tatizo si mvua, bwana. Tatizo ni miguu. Ukibebwa na betri mwezi mmoja, miguu inasahau kazi. Unaiambia twende, nayo inakuuliza: wewe nani?

— Kaka, si ina pedali? Unakanyaga mwenyewe, umeme unakusaidia tu, Mkasi alisema.

— Ndivyo inavyoanza! Kwanza inakusaidia, halafu inakuuliza tunakwenda wapi.

— Na njia inakumbuka, Spika alidakia. Mashine hizi zina kichwa. Ukisimama mahali kwa saa mbili, jioni inamwambia mkeo.

— Kwa mdomo gani? Mkasi aliuliza.

— Kwa ile taa ya mbele. Inamkonyeza.

— Kama inasema ukweli, niuzieni mimi, alisema Shangazi, muuza kahawa, huku akimimina. Kwangu hakuna anayeusema.

Mkasi alicheka nao, lakini hofu yake ilikuwa nyingine. Mwezi uliopita alimletea mama kiti cha magurudumu cha kuazima. Mama akamuuliza kama na kaburi ameshalichimba, na kiti kikarudi kwa wenyewe siku ileile. Kwa hiyo safari hii alikuwa ameuliza kila mtu, hata wateja wenye povu masikioni. Kila mtu isipokuwa mama.

— Na ule mlima wa zahanati? Bondia aliendelea. Betri ikizima katikati, mnarudi kinyumenyume na ukoo mzima. Mnaingia sokoni kwa mgongo!

— Mkiingia kwa mgongo labda na bei zitarudi nyuma, alisema Spika. Hapo sasa inunue.

Kicheko kilikuwa bado hewani fimbo ilipogonga saruji. Mama yake Mkasi alikuwa amesimama pembeni ya kibanda, jasho puani, kiganja kimoja ukutani. Nyumba ilikuwa hatua arobaini tu nyuma yao. Zilikuwa zimemchukua robo saa.

Wote wakasimama.

— Shikamoo, mama!

— Marahaba.

— Mama, mbona hukuniita? Mkasi alimkimbilia.

— Nimekuita mpaka koo limekauka. Mnapiga kelele kama kuku walioona nyoka.

Aliusukuma mkono wa mwanawe, akalizunguka sanduku taratibu, akaligonga kwa fimbo.

— Nikikaa humu, nitakuwa natazama wapi?

Asubuhi nzima, hakuna aliyekuwa amechungulia ndani. Mkasi alifunua turubai. Kibao cha kukalia kilikuwa kimefungwa mbele kabisa, kimeelekea nyuma, kwa mwendeshaji.

— Unanitazama mimi, mama.

— Wewe nimekutazama miaka arobaini. Kigeuze nione barabara.

— Yaani... utapanda?

— Nimekuja na magoti haya kukagua mbao? Geuza!

Spika alishachomoka kwenda karakana yake kuchukua bisibisi. Bondia alikuwa chini, anahesabu skrubu. Mkasi alimpigia fundi simu: asimwambie kitu mwenye duka la soda, baiskeli haitoki hapa.

Mama akakaa benchini, nafasi ya mwanawe, akanyoosha mkono apewe kahawa.

— Imeisha, mama, Shangazi alisema, akilipindua birika kumwonyesha. Kahawa nyingine inauzwa kule mwisho wa lami, na kule ni mbali.

— Vizuri, alisema mama, akiielekezea baiskeli fimbo yake.