Chuma Chini ya Pipa la Maji

Zimeni redio, wanangu. Mama Haruni, sogeza hilo jiko, moshi unaniingia kifuani na kifua chenyewe kimebaki kidogo. Haruni, acha kukaa mlangoni umetupa mgongo huku kama abiria aliyeachwa na basi, njoo ukae hapa kwenye jamvi. Na wewe Ashrafu, kaa hapo, karibu na kaka yako. Karibu zaidi. Hamtaambukizana kitu. Ashura mama, niegemeze kidogo, nataka kusema nikiwa nimekaa, maana maneno ya kulala chali yananirudia kooni.

Nyie mnadhani nimeomba kutolewa uani kwa ajili ya upepo. Upepo wa Rufiji hii nimeshaupumua wote, toka Utete mpaka visiwani kwenye mikoko, sikumbakishia mtu. Nimetaka kukiangalia kile chuma. Kile pale, kilichokalishwa chini ya pipa la maji. Tangu mkilete nakisikia usiku na mchana, na leo lazima nikiseme.

Mnanijua mimi. Mimi nimemvuta kiboko kwa mkia nikamtoa kwenye mpunga wa watu, na kiboko yule akageuka akaniomba radhi. Ashura usicheke, unanitikisa. Nimebeba gunia la ufuta begani na gunia jingine kwa meno, toka shamba mpaka barabara kuu, na njiani nikasimama kuamua ugomvi wa watu. Mwanamume kama mimi hapa Ikwiriri hakuzaliwa kabla na hatazaliwa tena, na waliobisha wote wamekaa kimya, wengine wamekufa. Lakini sasa nimechoka, wanangu. Nimechoka mpaka kwenye kucha. Hata kujisifu kunataka pumzi, na pumzi ndiyo hii mnayoisikia inakwaruza.

Mambo ya mali hayana maneno mengi. Sheikh Abdulhalim atakuja agawe kama dini inavyosema, kila mtu apate haki yake, mama yenu yake, Ashura yake, na asitokee dume hapa kumwambia dada yake kwamba yeye ameolewa hivyo haki yake ipo huko kwa mumewe. Genge la stendi anafanya kazi mama yenu, mwacheni nalo, hilo ni jasho lake, mimi nilikuwa nakwenda pale kula tu. Shamba la mikorosho limeni pamoja mpaka hapo mtakapoamua vinginevyo bila kushikana mashati. Na yule Ally kinyozi, mwambieni nimemsamehe. Amenipachika jina la Mzee Treni, mji mzima unaniita hivyo mpaka watoto wa chekechea, na nilikula kiapo sitamsamehe hata Kiama. Mwambieni nimemsamehe, lakini msimwambie haraka. Acheni kwanza ahangaike kidogo.

Sasa sikilizeni habari ya reli, na safari hii msikilize kwa masikio, msisikilize kwa kucheka.

Mkienda stendi mnaziona zile reli mbili zimechungulia kwenye zege, zinatokea upande wa choo zinaingia chini ya ofisi ya tiketi ya kina Haruni. Vijana wanazipiga picha. Abiria wanajikwaa wanatukana. Basi la Lindi likiingia, matairi yanazipanda, du-du, du-du, ndiyo sauti ya reli iliyobaki huku kwetu. Zamani ilikuwa njia ya kinu cha mbao. Magogo ya mvule yakielea mtoni, yanatolewa kule chini, yanapakiwa kwenye toroli, yanapandishwa huku kwenye misumeno. Na aliyekuwa anasukuma ni babu yangu, Mrisho, ambaye mnachukua jina lake mbele ya karani kila mnapojiandikisha. Nimewaambia mara nyingi kwamba alikuwa anaendesha treni yenye honi inayosikika Mafia, samaki wa kule wanaruka wenyewe kwenye majahazi. Haya. Na nimewaambia alikuwa anasukuma gogo peke yake wakati wenzake wote wamekaa juu ya gogo wanakunywa uji. Haya, na hilo lichukueni mnavyotaka.

Lakini na hili niliwaambia. Niliwaambia mkiwa wadogo, mkiwa wakubwa, nililisema hata kwenye harusi ya Ashura mbele ya wakwe. Kwamba Mrisho alishikwa na homa pale pale njiani, pale mwisho ambapo toroli lilikuwa linageuzwa, akakaa chini kupumzika na hakuinuka. Na wakamzika pale pale, maana zilikuwa siku za mafuriko na makaburini hapapitiki. Bibi Tabu, mkewe, akasema mume wake hamwekei mashahidi ya mti, vile vijiti vya kichwani na miguuni mwa kaburi. Mti gani utasimama kichwani kwa mtu katika ardhi hii? Mchwa wa hapa wanakula jembe wakabakisha mpini kwa heshima. Akaenda kwa msimamizi wa kinu akamwambia, nipe vipande viwili vya reli. Msimamizi akamwambia, mama, hicho chuma cha kampuni. Bibi akamwambia, na mume wangu alipokuwa anasukuma magogo yenu alikuwa wa nani? Yule bwana akaita mafundi. Wakamkatia vipande viwili, kimoja kikasimama kichwani, kimoja miguuni.

Hivyo ndivyo vile vyuma viwili vilivyokuwa vimesimama nyuma ya kibanda cha chipsi. Vilivyokuwa vinafungiwa mbuzi. Wapiga debe walikuwa wanavikalia. Kinu kilikufa, reli nyingine zikang'olewa, barabara ikaja, mabasi yakaja, stendi ikakua ikamzunguka Mrisho kila upande mpaka tuta lake likawa sawa na ardhi. Nilipokuwa na nguvu nilikuwa naenda kumwagilia maji pale na kumsomea, watu wanasema Mzee Treni anaongea na chuma.

Nyie mkasema baba anapiga kamba.

Hapana, Haruni, usiinue mkono, ngoja nimalize. Sikulaumu. Mtu akisikia kiboko kaomba radhi, akiambiwa hapa pana kaburi atajuaje? Mengine yote nilitia chumvi ili mpate kucheka, maana kulikuwa na miaka hapa ndani chumvi ndiyo ilikuwa mboga. Hili sikulitia kitu. Hili nililitoa kavu. Na hili ndilo mlilolitupa.

Sasa Ashrafu ukaenda na wenzako wa vyuma chakavu ukaking'oa cha kichwani. Haruni ukakitaka wewe, ukazibie mlango wa kibanda chako. Mkapigana stendi mchana kweupe, ndugu wa tumbo moja, mmoja kashika huku, mmoja kashika kule, abiria wa Lindi wamejaa madirishani wanashangilia, kila mmoja wenu anapiga kelele chuma changu, chuma changu. Si cha mtu pale. Mlikuwa mnamgombania babu wa baba yenu kichwa. Chuma kikaletwa hapa chini ya pipa asikipate hata mmoja, na tangu siku ile hamsalimiani, mnaingia humu kuniona kwa zamu kama walinzi, huyu akitoka ndipo yule anaingia, na mama yenu anapika vyungu viwili. Mnadhani sioni kwa sababu nafumba macho. Nafumba kwa sababu naona.

Ashura, maji. Kidogo tu. Basi.

Usilie, Ashrafu baba. Hukujua. Futa uso. Cha miguuni bado kipo, nilimtuma Ally akaangalie, ndiyo hivyo, Ally kinyozi, wakati bado sijamsamehe. Shimo la kichwani nalo lipo, amelifunika jiwe ili watu wasitupe taka. Atawaonyesha. Mkirudishe upande wa mashariki, unakotoka jua, kizame mpaka pale kilipoliwa na kutu, mtaiona alama. Mwende wote wawili. Mmoja akienda peke yake sitaki, bora kibaki chini ya pipa. Kisha mwende kwa mwenyekiti na kwa watu wa halmashauri wanaopanua ile stendi, muwaambie pale pana mtu. Waambieni taratibu, bila matusi, Haruni. Na mkiulizwa mmejuaje, semeni baba yetu katuambia. Wakicheka, semeni tena.

Bado moja, na pumzi inakwenda.

Kaburi langu mimi msiniwekee chuma. Najua mnataka, mnasema Mzee Treni hawezi kulala bila reli. Msiniwekee na zege wala vigae, wala msikate mkoko, mkoko unakaa sana. Kateni mkorosho kule shambani, ule mti laini, vijiti viwili. Haruni cha kichwani, Ashrafu cha miguuni. Mchwa watavila, hata masika mawili hayatapita. Ndivyo ninavyotaka. Vikiliwa mje muweke vingine. Bibi Tabu alifanya jambo la mapenzi, lakini chuma hakina haja na mtu. Kilisimama chenyewe, kila mtu akaona kimesimama, hakuna aliyekuja. Mimi nataka cha kuoza. Nataka kila mara mmoja amwambie mwenzake, twende, cha mzee kimeanguka. Na njiani mtaongea. Hata mkinisema vibaya, ongeeni.

Mama Haruni... wewe unajua. Nisamehe kelele zote. Ungekuwa na mume bubu ungechoka mapema zaidi.

Nilazeni. Hivyo. Mungu awaongoze, awape riziki ya halali, watoto wenu wawe na adabu kuliko nyie, na mzeeke mkiwa mnachekana wenyewe kwa wenyewe. Radhi yangu mnayo wote, haina sharti. Nilitaka kuiwekea sharti, nimeona nguvu ya kuwanyima sina.

Sasa inukeni. Nataka nione. Lile pipa limejaa, mmoja hawezi. Haruni shika huku. Ashrafu kule. Ashura, wewe niachie, kaa hapa... Taratibu, maji yasimwagike, mama yenu kayachota mbali. Eee. Wekeni pembeni. Sasa chuma. Mimi nilikuwa nakiinua kwa kidole... kwa kidole hiki... Kizito, eh? Kizito. Haya. Shikeni wote.

Hapana, msinikimbilie. Ashura yupo. Mama yenu yupo.

Nyie msikiachie.