Usingizi wa Lueth

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha kahawa cha Jeanine, pale Kakuma kambi ya wakimbizi inapopakana na mji. Asubuhi moja ya mwaka 1998, nafasi ya katikati iliachwa wazi. Ilikuwa ya Lueth, muuza chumvi na sukari, mtu mnene mwenye shingo fupi, aliyekuwa akisinzia kikombe kikiwa mkononi. Tulikuwa tumemzika jana yake. Alifia usingizini, uani kwake. Mkewe, Awut, alikuwa Lodwar na mtoto mgonjwa, na waliolala uani pamoja na Lueth kwa sababu ya joto ni wawili hawa waliokuwa wakibishana: Ejore, dereva wa lori mstaafu tunayemwita Gia Tatu, na Pal, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki.

— Ni shingo, alisema Gia Tatu. Shingo kama ile, hewa itapita wapi? Mafuta imebana bomba.

— Wacha mambo ya gari, mzee! Ndugu yangu ni mwembamba kama fimbo na anakoroma. Hii ni ukoo. Baba yake Lueth, kule kwao Bor, alikuwa anakoroma mpaka ng'ombe wanaamka.

Jeanine alikuwa akimimina kahawa.

— Na ile pombe ya busaa ya jioni je? Si alisema inamletea usingizi?

— Kidogo tu, mama, alisema Redio.

— Kidogo yenu ni jerikeni.

Tulicheka, kisha tukaona aibu.

— Sigara pia, alisema Gia Tatu. Na hii vumbi. Vumbi ya Kakuma ikiingia kooni inajenga nyumba, inaweka na mlango.

— Hamjui kitu, alisema Redio. Roho yake ilikuwa inatembea. Akikoroma, imeenda Bor kutafuta ng'ombe zake. Ikirudi, anashtuka, anavuta pumzi kama mtu ametolewa majini. Safari hii imezipata. Imekaa huko.

Hakuna aliyecheka. Hapa kwetu, ambapo mgao huisha kabla ya siku zake, anayekoroma huhesabiwa kuwa ameshiba. Tulikuwa tukimwonea Lueth wivu.

Ndipo Awut akatokea, mtoto mgongoni, vumbi la lori la Lodwar kwenye nywele. Gia Tatu alisimama, akamsalimu kwa lugha ya kwao.

— Ejok, Mama Atem. Pole. Pole sana.

Awut alitusalimu kwa mkono, mmoja mmoja. Tulimsogezea kiti, hakuketi.

— Alisumbuka?

— Hapana, shemeji, alisema Redio haraka. Alikoroma sana, anakabwa, anakoroma tena. Halafu akatulia. Tukasema, asante Mungu, leo amepata usingizi mzuri. Hata sisi tukalala.

Awut alikaza kanga iliyombeba mtoto.

— Akilala chali, koo inajifunga. Daktari wa Lodwar ameniambia ni ugonjwa, lakini mimi nilikuwa nimejua zamani. Nikisikia amenyamaza, naamka, namgeuza alale ubavu. Anavuta pumzi. Tangu anioe ni hivyo.

Alimtazama Redio, kisha Gia Tatu.

— Aliponyamaza, nani alimgeuza?

Gia Tatu alikuwa bado amesimama, kofia mkononi. Awut alisubiri. Hakuwa na hasira. Aliwatazama kwa upole, kama mtu anayeuliza njia.