Zamu ya Saa Nane

Mwaka ule wa Ebola, Sierra Leone nzima ilikuwa haipeani mikono. Kwenye kijiwe cha ataya karibu na hospitali, chai ile chungu bado ilichemka juu ya makaa, ila kila mtu alikuja na kikombe chake. Baindu, nesi, alikaa ncha ya benchi na sare yake ndani ya mfuko. Wanaume watatu walikuwa wamebanana ncha ya pili. Zamu yake ilianza saa nane mchana; sasa ilikuwa saa tisa. Wiki ile walishazika manesi watatu. Watoto wake walikuwa kwa bibi yao, naye alishasema: ukirudi wodini, kwangu usije.

— Nesi aliapa, alisema Meja, ambaye jeshi alilisikia redioni tu. Askari akikimbia vita anapigwa risasi.

— Askari anapewa bunduki, Pa Meja! Vandi, mpika ataya, alidakia. Hawa glovu zimekwisha tangu Jumatatu, wanavaa mifuko ya plastiki. Mkono mtupu haulambwi!

— Siku hizi hata uliojaa haulambwi. Utakufa, alijibu Meja.

Profesa, aliyefeli mtihani mara tatu, akakohoa. Wenzake wakaruka.

— Vumbi, jamani! Nasema hivi: waliapa wakati kuna malaria tu. Ugonjwa mpya unataka kiapo kipya. Mgonjwa haulizwi uji, basi na nesi asiulizwe zamu.

— Basi wafungwa ndio wapelekwe kuuguza, alisema Meja.

— Wafungwa wana kosa gani? alisema Vandi. Wapeleke wabunge, si ndio wanaotuambia tusiogope?

— Mbunge akinidunga sindano, Ebola itanikuta nimeshakufa, alisema Profesa.

Wakacheka. Baindu alikuwa amechoka hata kucheka.

— Sista Baindu, wewe mwenyewe unasemaje?

— Nasema mimina chai, Vandi.

Mama mmoja akaja na bakuli la wali lililofungwa kitambaa. Akanawa kwenye ndoo ya klorini, akasimama mbali.

— Samahani, wazee. Wamenizuia getini. Mwanangu yuko wodi ya Ebola, ana miaka minne. Eti, nani anamlisha?

Baindu alijua kwamba nesi mwenzake, Sia, yuko peke yake na wagonjwa kumi na wanane tangu alfajiri, na kwamba kulisha huja mwisho.

Alinyanyuka na mfuko wa sare, akapokea bakuli.

— Anakula pilipili? aliuliza.