Upendo, Mwambie Sipo

Bwana asifiwe sana! Aa, ndugu zangu, itikieni kwa nguvu, maana anayewasalimu ilikuwa aitwe marehemu! Bwana asifiwe!

Mimi ni Mama Upendo, wa Chukwani. Mume wangu mnamjua, anafanya kazi hotelini Kendwa, nyumbani anakuja mwisho wa wiki. Nina ugonjwa wa sukari. Daktari alinitaka nitembee kila siku na niache vitamu. Jirani yangu Bi Zuhura, Mwislamu mcha Mungu, naye ana sukari, akajitolea kunipitia kila alasiri tutembee pamoja. Ndugu zangu, na uvivu wangu huu! Wiki haikwisha, nshachoka. Nikamwambia mwanangu, yuko darasa la pili, "Upendo, akija Bi Zuhura mwambie sipo." Mimi najilaza sakafuni nyuma ya kitanda nisionekane dirishani. Mtoto anasema kwa adabu zote, "Shikamoo Bi Zuhura, mama hayupo, kenda mjini." Akirudi nampa kashata, na mimi natafuna yangu, tunacheka. Halafu Jumapili tunakuja hapa, namfundisha mistari ya Biblia! Msiniangalie hivyo kina mama, nawajua.

Basi ikafika siku ya kuamkia kliniki. Nilijua kipimo kitaniumbua. Nikameza vidonge zaidi ya nilivyoandikiwa, nikashinda bila kula, ili kesho daktari aone sukari iko chini anisifu. Jamani, nilitaka kudanganya mpaka damu yangu mwenyewe!

Alasiri ile jasho la baridi likanitoka. Mikono ikatetemeka, macho yakaingia kiza. Nikasema nifike jikoni nilambe sukari. Sikufika. Nilianguka pale pale nyuma ya kitanda, ulimi mzito, mwili hausogei, lakini masikio yanasikia.

"Hodi! Mama Upendo!"

Bi Zuhura huyo! Nikasema moyoni, asante Yesu, nimepona. Upendo akachungulia chumbani, akaniona nimelala chini. Akatabasamu. Ndugu zangu, mtoto alidhani najificha! Akaurudisha mlango taratibu, nikamsikia kule nje: "Mama hayupo, kenda mjini."

Nilipiga kelele, sauti haikutoka. Nikasikia kandambili za Bi Zuhura zinaondoka. Nililia ndani kwa ndani: Bwana Yesu, uongo huu nimemfundisha mimi, usikubali mwanangu aishi akijua ndio ulioniua!

Mtoto akarudi. "Mama, keshakwenda. Kashata yangu?" Akasogea karibu. "Mama?" Akanishika mkono, umelowa jasho. Akanitazama usoni. Hapo ndipo Mungu aliposhuka chumbani mwangu! Upendo alitoka mbio bila viatu, namsikia anapiga kelele njia nzima: "Bi Zuhura! Nimekudanganya! Mama yupo! Mama yupo!"

Bi Zuhura alikuja anahema. Alinilaza ubavu, akanipaka sukari ndani ya shavu kidogo kidogo huku akimtaja Mwenyezi Mungu, na vijana wa mtaani wakatafuta gari. Hospitali walisema kuchelewa kidogo tu kungetosha kunimaliza. Haleluya! Mimi huyu!

Nilipopata nguvu ya kukaa kitandani, nikamwona Upendo kasimama mlangoni, hataki kusogea. Nikamwita. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, utanipiga kwa vile nilisema upo?"

Ndugu zangu, swali lile liliniuma kuliko sindano zote za hospitali ile. Mtoto kaniokoa, halafu anaogopa fimbo! Nilimkumbatia nikamwambia, mwanangu, wa kupigwa ni mimi. Bi Zuhura alipokuja kunitazama nilimwomba radhi mbele ya mtoto, na Bi Zuhura akalia, akasema nikitoka tu tutembee.

Namshukuru Yesu aliyenirudishia mwanangu pamoja na uhai wangu. Nawe mzazi uliyejificha mahali, kwenye chupa, kwenye sigara, kwenye maneno ya uongo, usingoje uanguke. Mwite Bwana leo, anasikia hata pale sauti isipotoka. Mtumaini, kisha uinuke ubadilike mwanao akikuona.

Upendo amekaa pale mbele. Asubuhi aliniuliza kama nitawaambia na habari ya vidonge. Nikamwambia nitasema yote. Haya mwanangu, nimesema yote. Bwana atukuzwe!