Bunduki ya Babu Yake Sipriani

Kijiwe chetu cha Mfaranyaki kina benchi moja, guu lake limefungwa kwa mpira wa baiskeli, na watu wanaojua kila kitu isipokuwa kufanya kazi. Mwaka tisini na tatu, ruksa imepamba moto: uza utakacho, kwa bei utakayo, shauri lako. Asubuhi ile Osmund alituita tumsaidie kushusha bei. Nguruwe pori walikuwa wamemlia ekari mbili za mahindi, mkewe Notburga anakesha dunguni akipiga debe, na yeye kauza dume lake pekee la ng'ombe, elfu hamsini, anunue bunduki ya mitutu miwili. Kibali cha polisi anacho, kilimla miezi minane. Muuzaji ni Sipriani, mkulima wa Maposeni, mtu mpole, kairithi kwa babu yake. Akaitoa kwenye gunia, akailaza benchini, akasema anataka hiyo hiyo hamsini. Tungenyamaza pale, mambo yangekwisha. Lakini sisi kunyamaza tulikujulia wapi?

Wa kwanza kujitosa alikuwa Mzee Polikarp, tunayemwita Mjerumani kwa kuwa aliwahi kufagia karakana ya misheni ya Wajerumani miaka miwili. Akavaa miwani yake yenye kioo kimoja, akaigonga bunduki kwa ukucha.

— Hiki chuma cha kabla ya vita.

— Vita ipi, mzee? akauliza Osmund.

— Zote. Na cheki michoro hii. Bata anaruka, mbwa anamfukuza. Mzungu hachori bata kwenye kitu cha bei chee.

— Huyo si bata, ni kanga, akasema Hamisi, muuza kahawa wetu.

— Kanga ndiye ghali zaidi!

Bashiru, muuza mitumba, sisi tunamwita Ruksa, hakutaka kupitwa. Akaikwapua, akavuka nayo barabara mpaka kwenye mizani ya mnunuzi wa mahindi, akarudi anatweta.

— Kilo tatu na robo! Sasa sikilizeni. Kinyago huko Dar watalii wananunua kwa maelfu, na kile ni mti tu. Hiki ni chuma. Pigeni hesabu wenyewe.

— Ruksa, mimi simuuzii mtalii. Nataka kuua nguruwe.

— Nguruwe atakufa, tena kwa heshima.

Sipriani akakohoa.

— Basi nadhani... elfu sabini.

Osmund akatutolea macho. Nikamkonyeza Ruksa anyamaze. Bwege yule akadhani namuunga mkono.

— Mmeona hata huyu anakubali!

Hamisi akatumiminia kahawa, akauliza kwa nini iwe na mitutu miwili wakati nguruwe ana kichwa kimoja.

— Mkono mmoja haulei mwana, akajibu Mjerumani. Wa kulia wa dume, wa kushoto wa jike. Mzungu ana mpangilio.

— Na vitoto vyao?

— Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Osmund akaielekeza bunduki juu, akajaribu triga. Ikagoma. Akavuta kwa vidole viwili, akauma meno. Wapi!

— Mbona ngumu hivi?

— Mwenda pole hajikwai, akasema Mjerumani. Triga laini ni ya majambazi.

Ruksa akaingiza pua mtutuni, akavuta hewa mpaka macho yakamtoka.

— Inanuka simba hii.

— Simba ananukaje?

— Kama hivi. Sasa nimekumbuka! Si ndiyo ile iliyoua simba watatu kule Nakapanya kwa risasi moja? Walikuwa wamepanga foleni.

— Simba wanapanga foleni, Ruksa?

— Enzi za maduka ya kaya, nani hakupanga?

— Laki moja, akasema Sipriani. Safari hii hakukohoa.

Osmund akasimama.

— Nyie mnamsaidia nani hapa? Afadhali zamani, serikali ingetangaza bei redioni, ya mahindi, ya tumbaku, na ya bunduki!

— Soko huria, ndugu yangu, akasema Mjerumani. Ng'ombe hazeeki maini.

— Ng'ombe mwenyewe nimeshamuuza!

— Si unayo baiskeli? akasema Ruksa. Ongeza baiskeli.

Ajabu ya Mungu, Osmund akaigeukia baiskeli yake. Akaweka mkono kwenye usukani wake. Iliniuma jamani. Mtu dume hana, mahindi hana, sasa anataka kurudi shambani kwa miguu, na sisi ndio tuliompandishia bei. Nikasema basi angalau ifyatuliwe, tusikie mlio.

— Hapa mjini? akafoka Mjerumani. Ifyatuke hiyo, na sisi polisi watufyatue?

Ndipo Notburga akatokea, anatoka shambani, kanga imelowa umande, macho mekundu kwa usingizi. Ruksa akamwachia nafasi benchini, jambo ambalo sijawahi kuliona.

— Shikamoo Mzee Polikarp.

— Marahaba mwanangu. Umefika wakati mzuri. Mumeo anapata mali!

Notburga hakuigusa. Akamgeukia Sipriani.

— Habari za Maposeni, shemeji?

— Nzuri tu, shemeji.

— Hii siku zote ilikuwa kwako?

— Tangu babu afariki. Mwaka wa sita huu.

— Na mahindi msimu huu, nguruwe wamekuachia magunia mangapi?

Mjerumani akafungua mdomo, nikajua methali inakuja. Haikuja. Ruksa akajifanya anafunga kamba za viatu, naye kavaa kandambili. Osmund akaondoa mkono wake kwenye baiskeli taratibu. Sote tukamwangalia Sipriani, naye anaangalia chini, anakunjakunja lile gunia tupu mikononi.

— Ndiyo maana naiuza, shemeji, akasema. Ninunue mahindi.