Msinishike Mkono

Fungeni hilo dirisha la upande wa barabara, kelele za wanaosubiri mechi zinaniingia kichwani, kisha vuteni viti mkae, ila si karibu na kitanda. Kaeni pale kwenye kabati, na mikono yenu iwe mapajani mwenu mpaka nitakapomaliza. Wanangu, nimewaita kwa sababu daktari amesema na mwili wangu umekubali, na nina maneno ambayo sitaki myasikie kwa majirani. Wewe mwalimu, binti yangu mkubwa, acha kulia kwanza, muda wa kulia utaupata. Na wewe fundi wa gereji, zima simu. Najua unachokiangalia humo.

Duka la kunyolea ni lenu wote wawili, viti, vioo na mashine, na msigombane juu ya kile kiti cha kuzunguka, maana hamna hata mmoja anayejua kunyoa. Nyumba msiiuze. Mwalimu achukue vyumba vya mbele, fundi vya nyuma, ua ni wa wote. Na yule jirani wa ng'ambo ya ukuta, niliyenuniana naye miaka yote kwa ajili ya mfereji, mwacheni na mfereji wake. Sababu nitawaambia.

Sasa niseme lile zito. Mama yangu alipokuwa anakata roho nilimshika mkono, kama ambavyo mtoto yeyote angefanya. Alijaribu kuuvuta, nguvu zikamwishia. Kiganja changu kikapoa, na ubaridi ule haujatoka mpaka leo. Baada ya maziko nilirudi dukani, akaja mteja, nikaweka kiganja kichwani kwake, na papo hapo nikajua kwamba tiketi ya kubashiri mechi iliyo mfukoni mwake itashinda. Sikuota wala sikuambiwa na mtu. Nilijua kama mnavyojua maji ni ya moto mkiyagusa. Na jioni yake ikashinda kweli, mtaa mzima ukamshangilia.

Lakini mimi nilikuwa nimeshasikia watu. Hawakupiga kelele. Walizungumza chinichini, kama walioko chumba cha pili: mwanamke anauliza leo tunakula nini, mwanamume anamwambia asubiri kesho, mlango unafungwa taratibu, mtoto anakohoa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hao ndio walioshindwa ili huyu ashinde. Na wakishaingia hawatoki, wanangu. Kila mshindi niliyemnyoa aliniachia wa kwake.

Nilimwendea mchungaji wa wakati ule, mzee mpole, nikamuuliza kama hiki ni kipaji au ni pepo.  Akasema mitume walipiga kura walipomtafuta mwenzao, wakaomba kwanza, na askari nao walipiga kura wakigombea vazi la mtu ambaye bado anapumua msalabani juu ya vichwa vyao. "Kura ni ile ile," akaniambia. "Wewe angalia ni nani ananing'inia juu yako wakati unacheza." Tukaagana kwa mkono, akautoa haraka, akaupangusa kwenye suruali. Sijawahi kucheza, wala kumwambia mteja hata neno moja.

Mnayakumbuka mabati mapya ya kanisa, yale aliyoyatoa mwenye duka la vipuri alipopata bahati yake? Wazee wa kanisa walibishana, mwisho wakayapokea, kwa nia njema nadhani. Tangu hapo mimi nasalia nje kwenye benchi, nanyi mmekuwa mkiwaambia watu ni kifua. Si kifua. Ndani, waumini wakiinamisha vichwa, nilisikia watu wanatembea juu ya dari, pole pole, kama wanaotafuta mahali pa kuingilia.

Mwalimu, hili ni lako. Ulikwenda kwa ndugu yako huyu kuwaombea wanawe, ukasimama wima sala nzima kwa sababu kochi lilinunuliwa kwa ushindi. Nilijizuia kucheka, lakini moyo uliniuma. Kama dhamiri yako inakukataza kukaa, usikae, wala asikulazimishe mtu, kwa maana anayetenda jambo huku moyo wake unamkatalia amekosa mbele za Mungu hata kama jambo lenyewe si kosa. Lakini dhamiri yako ni yako, mama. Usiivue ukamvika mwenzako kwa nguvu.

Na wewe fundi, acha kumwita dada yako Mtakatifu. Unasema kubashiri ni burudani, ni chenji ya jasho lako, na hakuna amri uliyovunja. Inawezekana, mimi si hakimu wako. Ila asubuhi ya ushindi wako nilikuwa nimekunyoa, na kati ya sauti zilizoingia niliitambua moja. Alikuwa mama wa ng'ambo ya ukuta, anamuuliza mumewe ada ya mtoto imekwenda wapi. Baba, wewe ulinunua kochi. Ndiyo maana nimesema waachieni mfereji.

Najua unakitamani kiganja hiki. Umekuwa ukikitazama tangu ukiwa mdogo, uliponiona nashtuka juu ya vichwa vya washindi, na juzi ulipoleta uji ulitaka kunishika nikajifanya nakohoa. Unafikiri ukikipata utawatoa wanao kwenye shida. Utamjua mshindi, ni kweli, na nyumba yako haitakaa iwe kimya tena. Kwa hiyo nawaagiza wote wawili: nikiwa nakata roho, msinishike mkono. Asiponishika mtu, naamini kitaondoka na mimi. Watakaoniosha wavae glavu. Ni mambo ya ajabu kwa mtu aliyebatizwa, najua, lakini ndivyo yalivyo.

Baraka nitawapa kwa mdomo. Sogeza mto, hapana, kaa, usije. Macho yameingia ukungu... Pendaneni. Mle pamoja, kwenye kochi au chini, Mungu haangalii...

Nani amesogea? Nimesikia kiti. Nimesema mkae.

Fundi, toa mkono wako, nakusihi, mwanangu, fikiria watoto... Hapana. Mkono huu hauna grisi. Una chaki kwenye kucha. Mwalimu, mama, ni wewe? Wewe usiyegusa hata tiketi iliyodondoka barabarani?

Unasema huwezi kuniacha niondoke bila kushikwa, kama mtu asiyezaa. Unasema dhamiri yako imekukatalia. Basi, mimi mwenyewe ndiye niliyesema ni yako.

Fundi, nisikie, hili ndilo la mwisho. Usimuulize dada yako kitu. Akikutana na tiketi yako akanyamaza, nyamaza nawe. Akiinuka ghafla katikati ya chakula akatoka nje, mfuate, ukae naye. Na wewe mama, waombee waliomo, mmoja mmoja. Wanatulia kidogo ukiwaombea.

Mungu awalinde... mtokapo na mwingiapo... wote wawili, sawasawa...

Kumekuwa kimya, mama. Nasikia saa ya ukutani tu. Wamekuja kwako wote.