Historia ya Mama Pindo, Aliyemtafutia Mwanawe Mkalimani

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wa kiume wa marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea historia yake, na kabla sijaanza naomba jambo moja, msioifahamu lugha yetu sogeeni pale dirishani, yupo mkalimani, mama mwenye kitambaa cha kijani, mfuateni yeye na mwacheni binti wa marehemu akae na msiba wake.

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kama Mama Pindo, alizaliwa tarehe 4 Machi 1979, akamaliza darasa la saba mwaka 1993, kisha akajifunza ushonaji kwa shangazi yetu, na jina alilipata huko, kwa sababu suruali iliyopindwa ovyo aliifumua hata kama mwenyewe amesimama anaingoja. Tarehe 12 Juni 2004 alifunga ndoa na fundi seremala, na Septemba 2008 wakajaliwa binti mmoja, huyu tunayemwita Kasuku kwa kupenda kwake kuongea.

Mwaka 2016 nyumba yao ilichomwa moto, shemeji yangu akafia ndani, mtoto anaona. Marehemu alivuka mpaka na mwanawe, akafika kwangu mwezi Novemba, akapata kazi ya kushona mashuka na makoti ya madaktari kwenye chumba cha dobi cha hospitali, ghorofa mbili chini ya kliniki ya afya ya akili ya watoto.

Kasuku alishika lugha ya hapa upesi mno, na hilo ndilo lililotuponza. Mtoto alikuwa halali, mlango ukibamizwa anaingia chini ya meza, basi Februari 2018 mama yake akampandisha kliniki, na huko, jamani, wakasema mkalimani wa nini wakati mtoto anaongea vizuri, mgonjwa akageuzwa mkalimani wa ugonjwa wake mwenyewe. Mama alieleza kwamba mwanawe anapiga mayowe usingizini, na mtoto, akiona mama yake anatokwa machozi, akamwambia daktari kwamba mama anashukuru, wanaendelea vizuri. Daktari alifurahi, akafunga faili. Mwaka uliofuata walirudi, yakawa yale yale, na Kasuku ndiye aliyetumwa kumwambia mama yake kwamba mtoto hana tatizo.

Kasuku alipokuja kumweleza ukweli, kwamba maneno yake hakuyafikisha kwa daktari, marehemu hakumgombeza, aligombana na kliniki. Dirisha moja walimwambia wakalimani ni wa dharura tu, dirisha la pili wakasema mtoto ameshakua, aende kwa watu wazima, kwa watu wazima wakasema bado mdogo, arudi alikotoka, na dada yangu akashuka dobini kuwashonea vifungo hao hao. Hata figo zilipoanza kumsumbua mwaka 2023, akitoka kusafishwa damu alipita kwanza kliniki kuuliza, mpaka wakachoka wao, wakampa mkalimani na miadi ya Jumanne, tarehe 15 Oktoba 2024.

Alifariki Jumatano, tarehe 9.

Alhamisi nilipiga simu kuomba miadi isogezwe wiki moja, wakaniambia lazima mzazi apige mwenyewe, nikasema mzazi amefariki, wakasema basi hata akituma ujumbe inatosha, la sivyo mtoto anarudi mwisho wa foleni. Sasa Jumanne nakwenda mimi, mjomba wake, na mkalimani aliyepangiwa miadi hiyo ni huyu mama wa kitambaa cha kijani, aliyekuja msibani kwa hiari yake, na tutakaa pale mpaka mtoto aonwe.

Tunawashukuru madaktari wa figo, majirani waliompokea Kasuku mama yake alipolazwa, na wenzake wa dobi waliomshikia zamu bila kunung'unika. Kliniki tutaishukuru Jumanne, ikistahili.

Na wewe Kasuku, tangu nianze kusoma naona midomo yako inacheza, unawatafsiria walioketi nyuma yako. Acha, mwanangu. Leo kazi yako ni kumlilia mama yako tu.

Dada, pumzika kwa amani.